Limfositi kwenye daftari la korosho: kisa cha lukemia iliyorudi nyuma bila dawa

Mzee huyu alikuja hospitali kwa ajili ya busha. Ni mkulima wa korosho kutoka nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, na mwaka 2019, alipofika kwetu Mtwara mjini, alikuwa na miaka 66. Busha alikuwa nalo zaidi ya miaka kumi, kama wanaume wengi wa kusini ambao mbu wa matende hajawasamehe, na alitaka litolewe mapema ili apone kabla ya kuokota korosho. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake na la kijiji nayaacha.

Kabla ya upasuaji tulichukua picha kamili ya damu. Mashine ikatoa chembe nyeupe 41,200 kwa maikrolita. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Mtaalamu wa maabara alidhani kuna kosa, akatoa damu nyingine kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, akarudia, jibu likawa lilelile. Asilimia 84 ya chembe hizo zilikuwa limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga, yaani kama 34,600. Wingi wa damu ulikuwa 12.8, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 196,000.

Nilishuka maabara kuitazama slaidi mwenyewe. Chini ya hadubini uwanja mzima ulijaa limfositi ndogo zilizofanana kama punje za mtama uliopepetwa: kiini cheusi cha mviringo kimejaza karibu chembe yote, pembeni kuna utando mwembamba wa rangi ya buluu. Kila baada ya chembe nne au tano lilikuwepo doa la zambarau lisilo na umbo, limesambaa kwenye kioo kama bibo lililokanyagwa chini ya mkorosho. Madoa hayo ni limfositi dhaifu zinazopasuka damu inapoburutwa kwenye kioo. Ukiyaona mengi namna hiyo kwa mtu wa umri ule, ugonjwa mmoja unakuja kichwani kabla ya mingine yote: lukemia sugu ya limfositi, saratani ya damu ya chembe hizo.

Nilirudi wodini nikampapasa upya. Alikuwa na mitoki shingoni na kwenye makwapa yote mawili, mikubwa kama korosho iliyobanguliwa, haiumi, inateleza chini ya vidole. Bandama ilishuka sentimita tatu chini ya mbavu. Homa hana, jasho la usiku hana. Nilipomuuliza kama amepungua alivuta mkanda wa suruali akanionyesha tundu lilelile analolitumia miaka yote.

Lakini huku kwetu huwezi kukuta bandama na limfositi nyingi ukaisahau malaria. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kuna ugonjwa wa bandama unaotokana na mwili kupambana na malaria kupita kiasi kwa miaka mingi. Bandama inakuwa kubwa mno, aghalabu sentimita kumi au zaidi chini ya mbavu, kingamwili za aina ya IgM zinapanda sana, na wakati mwingine limfositi nazo zinajaa kwenye damu mpaka slaidi inafanana kabisa na ya lukemia. Tofauti kubwa ni kwamba ugonjwa huo unasikia dawa ya malaria ikitumiwa kwa muda mrefu, na bandama inarudi taratibu. Ukikosea hapa unampa mtu dawa za saratani kwa ugonjwa wa mbu. Ukikosea upande wa pili unamwacha mwenye saratani akinywa dawa ya malaria miaka nenda rudi.

Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, na kwenye slaidi hatukuona vimelea. Bandama ya sentimita tatu ilikuwa ndogo kwa ugonjwa ule. Hata hivyo nilimwanzishia proguanili, dawa ya malaria, miligramu 100 kila siku kwa miezi sita, nikampa rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Ilibidi asafiri mwenyewe, maana kipimo cha kutambua alama za juu ya chembe kinataka damu mbichi, na barabara ni zaidi ya kilomita 500. Alipanda basi alfajiri akafika jioni, miguu imevimba.

Majibu yalisomeka wazi. Limfositi zake zilikuwa za aina ya B, zote za ukoo mmoja, yaani zimetoka kwa chembe mama moja, zikiwa na alama za CD19, CD5 na CD23, huku CD20 ikiwa hafifu. Huo ndio mwandiko wa lukemia sugu ya limfositi. Zilizidi 5,000 kwa mbali, na tulipopima tena Septemba, miezi mitatu kamili tangu siku ya kwanza, zilikuwa bado juu. Sharti la kuuita ugonjwa huu kwa jina lake lilitimia. Nilimwacha amalize proguanili yake, kwa sababu watafiti waliofanya kazi Ghana mwanzoni mwa miaka ya 1990 walionyesha kwamba hata kwenye bandama ya malaria baadhi ya wagonjwa hukutwa na limfositi za ukoo mmoja, na sikutaka shaka hiyo inisumbue baadaye. Desemba 2019 dozi iliisha. Bandama ilikuwa palepale, limfositi palepale.

Busha lilitolewa Agosti, kidonda kikapona vizuri.

Sasa niseme kosa langu. Siku majibu yaliporudi nilimkuta mzee kwenye benchi la korido akiwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye kwa mila za Wamakonde ndiye wa kumhangaikia mjomba. Nilikuwa na haraka. Nikasema: "Mzee, majibu yanaonyesha una saratani ya damu, ila hatutaanza dawa sasa, utakuwa unakuja kupima." Nilidhani nimetoa habari ya kutuliza, kumbe walichosikia ni neno moja tu.

Mpwa akanitazama. "Dokta, ana saratani halafu mnamrudisha nyumbani mikono mitupu?"

Nilimjibu kwa kifupi, wakaondoka. Mwezi uliofuata, korosho zikiwa bado juu ya miti, kijana aliuza sehemu ya mavuno ya mjomba wake kwa kangomba ili apate fedha. Asiyejua kangomba ajue kwamba ni kumuuzia mlanguzi korosho ambazo bado hujazivuna, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu una shida leo na mnada bado uko mbali. Fedha ile ilinunua makopo ya vidonge vya virutubisho vilivyoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, vimeandikwa kwamba vinasafisha damu. Kama ningekaa nao nusu saa nikaeleza lukemia hii ni ipi, magunia yale yangefika ghalani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na tangu siku ile sitamki neno saratani kwa mgonjwa aliyesimama.

Niliyopaswa kuyasema siku ile ni haya. Lukemia sugu ya limfositi ni ugonjwa wa watu wazima, wengi wana miaka zaidi ya 60, na kwa wengi huenda polepole sana. Kuwahi dawa hakusaidii mtu asiye na dalili. Wafaransa walilipima jambo hilo kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 katika majaribio mawili waliyoyatangaza mwaka 1998: waliopewa klorambusili, dawa ya saratani, mapema hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri mpaka ugonjwa ukaleta shida. Kwa hiyo tunasubiri, lakini tunasubiri tukihesabu. Dawa inaanza damu ikishuka chini ya 10, chembe sahani chini ya 100,000, limfositi zikijizidisha mara mbili ndani ya miezi sita, bandama ikifika sentimita sita chini ya mbavu au mtoki ukifika sentimita kumi, mtu akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake kwa nusu mwaka, akiwa na homa au jasho la usiku lisiloeleweka, au akichoka mpaka kazi zimshinde. Mzee huyu hakuwa na hata moja. Aliporudi Septemba niliwakalisha wote wawili, nikaeleza hivyo, taratibu, na mpwa akauliza maswali mpaka yakamwishia.

Mzee yeye hakuuliza. Alitoa mfukoni daftari la shule la kurasa 48, lenye jalada lililolainika kwa jasho. Ndani mlikuwa na kilo za korosho alizopeleka chama cha ushirika tangu miaka ya nyuma, daraja la kwanza na la pili, tarehe ya mnada, bei. Akachora mstari wa wima pembeni mwa ukurasa, akanipa kalamu. "Niandikie namba yangu hapo, mwanangu. Nyingine nitakuwa najaza mwenyewe."

Safu ile ninayo, nimeinakili. Namba zote ni za limfositi kwa maikrolita:

Juni 2019: 34,600
Septemba 2019: 36,100
Machi 2020: 35,400
Septemba 2020: 36,800
Machi 2021: 31,900
Septemba 2021: 25,700
Januari 2022: 19,800
Septemba 2022: 11,300
Machi 2023: 7,400
Septemba 2023: 4,600
Machi 2024: 3,500
Machi 2025: 3,700

Katika muda wote huo hakupewa dawa yoyote ya saratani. Kufikia Machi 2023 mitoki ya makwapa sikuiona tena, na bandama sikuipata hata alipolalia ubavu na kuvuta pumzi kwa nguvu. Wingi wa damu ulipanda mpaka 13.9.

Lukemia hii kurudi nyuma yenyewe ni jambo linalojulikana, ila ni adimu. Hutajwa kwamba hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia, pengine chini ya hapo. Mwaka 2009 jarida la Blood lilichapisha taarifa ya wagonjwa tisa wa namna hiyo, na mwaka 2020 jarida hilohilo likatoa uchunguzi wa wengine ishirini. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na kitu kimoja kinachofanana: jeni la kingamwili ndani ya chembe zao za lukemia lilikuwa limekwisha kubadilika, dalili kwamba chembe ile mama ilipitia mafunzo ya kawaida ya kinga kabla ya kuharibika, na hiyo ndiyo aina ya upole. Chembe zao pia zilikuwa zinagawanyika kidogo mno. Kwa mzee wetu kipimo cha jeni hakikufanyika. Mwenendo wake ndio unaofanana na wao.

Habari ilipofika kijijini ikawa imepata wenyewe wengi. Shangazi mmoja alisema ni mizizi ya bibi wa upande wa Tandahimba. Mpwa alisema ni virutubisho, na nadhani alihitaji iwe hivyo, maana ndiyo ingekuwa faraja ya zile korosho. Jirani mmoja alisema ni mkanda wa jeshi, kwamba ulipompanda ubavuni Novemba 2021 ulitoka na uchafu wote wa damu. Wengine walitaja chanjo ya korona aliyochomwa Agosti 2021. Na mimi nilikuwa na proguanili yangu. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alimfanyia mzee jambo kwa mapenzi, kisha mzee akapata nafuu.

Hapa ndipo daftari lilipokuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote. Tuliketi barazani kwa mzee, nilipopita Newala kwa kazi nyingine, tukaweka tarehe ya kila dawa pembeni mwa safu ya namba. Proguanili: Juni hadi Desemba 2019. Namba hazikushuka, kwa hiyo dai langu likatoka kwanza. Virutubisho: Oktoba 2019 mpaka Januari 2020, vikaisha. Machi 2020 ni 35,400, Septemba ya mwaka huohuo 36,800, juu kuliko siku ya kwanza. Mpwa alikodolea macho mstari ule kimya, kisha akasema, "Basi njomba, nimekupotezea magunia." Mzee akamshika bega.

Mizizi ilianza kuchemshwa Februari 2022. Kabla ya hapo limfositi zilikuwa zimeshatoka 36,800 hadi 19,800, karibu nusu. Mizizi ikaisha katikati ya mwaka huo, na mteremko ukaendelea kwa mwendo uleule kwa zaidi ya mwaka mzima. Nilikuwa na sababu nyingine ya kuichunguza dawa ile. Unga wa mitishamba unaouzwa mitaani mara nyingine huchanganywa kwa siri na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na prednisoloni inayeyusha mitoki kweli. Niliomba kuona alichokunywa: vilikuwa vipande vya mizizi mikavu yenye magamba, si unga. Wala dalili za prednisoloni hakuwa nazo: uso wake haukuvimba, sukari na shinikizo la damu havikupanda.

Mkanda wa jeshi na chanjo vilinipa kazi zaidi, kwa sababu havina upuuzi ndani yake. Zipo taarifa za kitabibu za lukemia na limfoma zilizopungua baada ya maambukizi ya virusi, na mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mgonjwa wa lukemia hiihii aliyepata nafuu baada ya chanjo ya ndui. Kinga ikiamshwa na jambo moja inaweza kugeukia na jambo jingine. Lakini angalia tarehe. Machi 2021, miezi mitano kabla ya chanjo na minane kabla ya mkanda, namba ilikuwa imeanza kushuka. Namba moja ya 31,900 peke yake nisingeitegemea, limfositi hupanda na kushuka hata kati ya asubuhi na jioni. Kilichonishawishi ni kwamba kwenye faili la siku hiyohiyo niliandika, kabla sijaona jibu la maabara, kwamba mitoki ya shingo imekuwa midogo na laini. Mkanda wa jeshi wenyewe ni ugonjwa unaowapata sana watu wenye lukemia hii kwa sababu kinga yao ni dhaifu. Siwezi kusema haukuongeza kasi. Kuanzisha, haukuanzisha.

Kuhusu dua. Mzee ni mtu wa sala tano, na msikiti mzima ulimsomea. Sikuweka dua kwenye safu yoyote na sikuombwa kuiweka.

Niliondoa pia uwezekano kwamba tulipima vibaya. Mwaka 2022 maabara yetu ilipata mashine nyingine, na mashine mpya inaweza kukupa namba mpya. Nikatoa slaidi za zamani kwenye boksi, nikazipanga kando ya mpya. Ile ya 2019 ilikuwa na limfositi kila mahali na mabibo yaliyokanyagwa. Ya Septemba 2023 ilikuwa slaidi ya kawaida, limfositi moja hapa, nyingine kule, doa lililopasuka mojamoja. Hakuna mashine inayobadilisha slaidi iliyokwisha kupakwa.

Inakuwaje saratani ishuke yenyewe? Nilimweleza mzee kwa kisima cha mvua, kwa sababu kwao kila nyumba yenye bati ina kisima, na anajua maji kuliko mimi. Watu hudhani chembe za lukemia hii ni kongwe zisizokufa, zimejikusanya tu. Mwaka 2005 watafiti waliwanywesha wagonjwa 19 maji mazito, maji yenye haidrojeni nzito inayoacha alama kwenye kila chembe inayozaliwa, wakagundua kwamba kila siku chembe mpya zinazaliwa, kati ya 0.1% na zaidi ya 1% ya jumla yake. Kwa hiyo namba ninayoisoma ni kina cha maji kisimani: yanayoingia kutoka kwenye bati ukitoa yanayovuja. Kisima kinaweza kukaa kina kilekile miaka mitatu huku maji yakiingia na kutoka kila siku. Na ili kishuke huhitaji mtu aje kukimwaga. Inatosha mvua ipungue kidogo, au ufa upanuke kidogo.

Ni kidogo kiasi gani? Kati ya Septemba 2021 na Septemba 2023 limfositi za mzee zilitoka 25,700 hadi 4,600. Ukipiga hesabu, vifo vilizidi vizazi kwa takriban robo ya asilimia kwa siku. Tofauti ndogo hivyo inapunguza idadi kwa nusu kila baada ya miezi tisa au kumi. Kinachoonekana kama muujiza ni mizani iliyoegemea upande mmoja kidogo tu, siku baada ya siku. Chembe hizi haziishi kwa kujitegemea. Ndani ya mitoki na uboho zinabembelezwa na chembe jirani, na zinachokozwa kupitia kingamwili iliyo juu yake zenyewe, ndiyo sababu baadhi ya dawa za kisasa kama ibrutinibu hufanya kazi kwa kukata mawasiliano hayo. Kwa wale ambao ugonjwa umerudi nyuma, inaelekea uchokozi huo hufifia wenyewe.

Mwishoni mwa 2023 mzee alikubali kupanda basi tena. Nilitaka kujua kama ule ukoo umekwisha. Haukuisha. Kati ya limfositi zake chache, chembe zenye CD5 na CD23 za ukoo uleule zilikuwepo bado, kama 900 kwa maikrolita. Chini ya 5,000, bila mitoki, hali hiyo haiitwi tena lukemia. Inahesabiwa pamoja na watu wengi wazima wanaotembea na ukoo mdogo wa namna hii bila kujua. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2002 ulikuta hali hiyo kwa 3.5% ya watu wa miaka zaidi ya 40 ambao damu yao ilionekana kawaida kabisa. Lakini wagonjwa wengi walioandikwa kwenye majarida nao walibaki na mabaki kama haya, na baadhi yao ugonjwa uliinuka tena baada ya miaka. Kwa hiyo kwenye faili sikuandika amepona. Niliandika: umerudi nyuma, ukoo upo, apimwe.

Neno hilo "amepona" ndilo lililonitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki.

Kuna dada wa Lindi, mama wa watoto watatu, ambaye ana lukemia sugu ya aina nyingine, ile ya mailoidi. Kwa Kiswahili cha mtaani magonjwa yote mawili ni saratani ya damu, na kwenye karatasi za hospitali yote mawili yana neno sugu. Hayana undugu zaidi ya hapo. Lake linatokana na kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana vipande na kutengeneza amri moja ya kugawanyika isiyozimika. Ugonjwa huo haurudi nyuma wenyewe kwa namna ya kutegemewa. Ukiachwa bila dawa, kwa kawaida ndani ya miaka michache tu, mitatu mpaka mitano, unalipuka kuwa lukemia kali inayoua kwa miezi. Lakini una imatinibu, kidonge cha kila siku kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika uchunguzi mkubwa uliowafuatilia waliokianza mwanzoni, 83% walikuwa hai baada ya miaka kumi. Dada huyu anakipata Dar es Salaam bila malipo, ila nauli na siku za kulala ni zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko yaliyoikata barabara upande wa Somanga, alikaa siku sita bila kidonge akilia kwenye simu.

Miezi miwili baadaye alinipigia, safari hii kwa sauti ya furaha. Amesikia kuna mzee wa Newala amepona saratani ya damu bila dawa. Amepata namba ya simu ya bibi wa Tandahimba. Anauliza kama anaweza kupumzika vidonge, kwa sababu vinamletea kichefuchefu na kuvimba macho, na nauli imemshinda.

Sikumkemea. Alikuwa na kila sababu ya kutamani iwe kweli. Nilimwomba aje Mtwara, nikamrudishia nauli, na nikamwomba mzee naye aje. Waliketi kwenye chumba changu, mzee na daftari lake, dada na kadi yake ya kliniki. Dada alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba mwanangu, wakaulizana habari za mvua. Kisha mzee akafungua ukurasa na kumwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, mizizi ilianza wapi na namba zilianza kushuka wapi. "Bibi yule namheshimu," alisema. "Lakini dawa yake imenikuta natelemka. Na ugonjwa wako si huu wangu, dokta amenieleza. Wewe ukiacha unapanda."

Ningeweza kusema maneno hayohayo mara kumi yasiingie. Kwa kinywa cha mzee yaliingia. Tulipanga vidonge avinywe na chakula cha usiku na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kikapungua, na tangu hapo hajaruka dozi.

Mzee nilimwona tena Machi mwaka 2025. Alikuwa na miaka 72, anapalilia mwenyewe, mikorosho mipya ameipanda kwa nafasi ya mita kumi na mbili kama walivyoelekezwa na maafisa ugani. Mitoki hakuna. Tulirudia yale ya siku zote: akipata homa aje siku hiyohiyo asisubiri kesho, alale ndani ya chandarua, kidonda chochote kisichopona akionyeshe. Akauliza kama 3,700 baada ya 3,500 ni kupanda. Nikamwambia tofauti hiyo ni ndogo mno kuipa jina, tuitazame Septemba. Akaandika 3,700 kwenye safu yake, chini yake akaandika Septemba, akalifunga daftari na kulirudisha mfukoni, kisha akatoka haraka kuwahi gari la Newala linaloondoka saa tisa.